Mawakala wa safari, acheni kutuuzia Anuradhapura kama kituo cha kuchimba dawa!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitazificha.

Tuna kikundi chetu, tunachangishana kila mwezi kwa ajili ya kusafiri. Safari hii tulikubaliana Sri Lanka, na sababu ilikuwa moja tu: magofu ya Anuradhapura, mji mkuu wa kale wa kisiwa hicho. Hatufuati ufukwe wala mashamba ya chai. Wakala tulimwambia hivyo tangu mwanzo, kwa mdomo na kwa maandishi, tukalipa kianzio. Juzi ndipo akatuma ratiba.

Siku yenyewe imeandikwa hivi: kutoka Colombo asubuhi, kufika Anuradhapura saa 5:30, kutembelea magofu, saa 7:30 kuondoka kwenda Sigiriya, ule mwamba wenye ngome ya kale. Yaani saa mbili! Kutoka Colombo ni kama kilomita 200, kwa hiyo tutakaa kwenye gari muda mrefu kuliko tutakaokaa mahali tulipopafuata.

Huu ni mji uliokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 1,000, tangu karne ya 4 kabla ya Kristo hadi majeshi ya Wachola kutoka kusini mwa India yalipouvamia mwaka 993. Umetawanyika kilomita kadhaa kila upande, watu wanauzunguka kwa baiskeli au bajaji. Kuna Jetavanaramaya, dagoba (kuba kubwa la ibada la Wabuddha) la matofali lililoanzishwa na mfalme Mahasena, ambalo lilipokamilika lilikuwa na urefu wa mita 120 hivi. Katika dunia ya wakati ule ni piramidi mbili kubwa za Giza tu zilizolizidi. Kuna Abhayagiri, monasteri ambayo mtawa wa Kichina Faxian alifika mwanzoni mwa karne ya 5 na kuandika kwamba ina watawa 5,000. Kuna Kuttam Pokuna, mabwawa mawili ya kuogea ya mawe, ambayo maji yake yalipitishwa kwanza kwenye vijibirika vya kuchujia, taka zinatuama huko, ndipo yanaingia bwawani. Mimi ni fundi wa maji kwa kazi. Hayo mabwawa nayataka niyakagulie chini kabisa, niiname nione tundu la kuingizia maji liko wapi na la kutolea liko wapi. Kwenye ratiba ya wakala hayapo. Abhayagiri haipo. Mihintale, kilima kitakatifu kilicho kilomita 13 tu kutoka pale, haipo.

Na bado. Picha ya jalada la ratiba ni kile kichwa cha Buddha kilichozungukwa na mizizi ya mti. Wakuu, hicho kichwa kipo Wat Mahathat, Ayutthaya, nchini Thailand! Nchi nyingine kabisa. Mtu anayekuuzia mji hajui hata unavyoonekana.

Sasa njooni kwenye jambo lililonitoa machozi kabisa. Anuradhapura si magofu matupu, watu wanasali pale hadi leo. Upo mti wa Jaya Sri Maha Bodhi, ambao kwa mapokeo yao ulitokana na tawi la mti ambao Buddha alipata mwanga chini yake, ukaletwa kutoka India na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Ukiingia pale, na kwenye dagoba la Ruwanwelisaya vilevile, unavua viatu na kofia, mabega na magoti yamefunikwa. Saa sita mchana ule uwanja wa mawe unaozunguka Ruwanwelisaya unakuwa umeiva kwa jua. Kwenye kikundi tuna mama mmoja mwenye kisukari, miguu yake imeanza kufa ganzi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuungua unyayo asijue mpaka jioni anapovua soksi. Wakala anajua hali yake, tuliijaza kwenye fomu. Akampangia saa sita! Angetupeleka saa 12 asubuhi au jioni jua likishuka, kama wanavyofanya wenyeji, na kumwambia abebe soksi nene. Hilo tu.

Tena tarehe aliyotuwekea inaangukia Poson, mwezi mpevu wa mwezi wa sita, siku wanayokumbuka mtawa Mahinda kuileta dini ya Buddha kisiwani, pale pale Mihintale. Mahujaji wanamiminika kwa mamia ya maelfu, wamevaa nyeupe. Kwa anayetaka kuona ibada ni siku kubwa sana, lakini hiyo inataka ulale pale na uwe umeshika chumba mapema. Huwezi kuingia na basi dogo saa 5:30 ukatoka saa 7:30. Kwenye ratiba jioni hiyo ametuandikia nyama choma na bia, wakati siku za Poya, yaani siku za mwezi mpevu kama hiyo, uuzaji wa pombe na nyama unapigwa marufuku nchi nzima.

Viingilio je? Mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo: mtajilipia wenyewe. Anuradhapura, Polonnaruwa (mji mwingine wa magofu) na Sigiriya kila moja ina tiketi yake, na mgeni anatozwa kwa bei ya dola. Zote tatu hazipungui dola 80 kwa kichwa. Kwa mtu anayechanga kidogo kidogo hiyo ni hela ya miezi.

Nilipompigia akanijibu, "Bosi, magofu ni magofu, mtachoka baada ya nusu saa." Nilikata simu, maana ningemtukana.

Tunachodai kimeandikwa na kimetumwa kwake: tulale Anuradhapura usiku mbili, tarehe isogezwe nje ya Poson, viingilio viingie kwenye bei, na mwongozaji awe wa pale pale mwenye leseni. Sigiriya aiondoe kama muda hautoshi. Asipokubali arudishe kianzio chote. Amesema kianzio hakirudi, na mkataba aliotupa haujasema hivyo popote. Nimeusoma mstari kwa mstari.

Wadau mliofika kule, naomba msaada wa haraka. Nyumba gani za wageni ziko karibu na mji mtakatifu, na je, bajaji kwa siku nzima wanatoza kiasi gani? Na mliowahi kupeleka wakala Tume ya Ushindani, wale wanaolinda walaji, mkarudishiwa hela, mlianzia dirisha gani na mlibeba nyaraka zipi? Risiti za simu ninazo zote.