Tupeane uzoefu: Cape Town hadi Swakopmund kwa gari, kwa njia ya Atlantiki

Wadau, salaam. Nimeona maswali mengi kuhusu safari ya gari kutoka Cape Town kuingia Namibia kwa upande wa bahari, na majibu yametawanyika huku na kule. Tuyakusanye hapa. Aliyepita aseme alishika barabara gani, alivuka mpaka upi, na wapi pa kulala pazuri. Naanza mimi, kwa kuwa naishi Cape Town na njia hii naipenda kuliko zote nilizoendesha.

La kwanza kulielewa ni kwamba hakuna barabara moja inayokwenda na bahari mwanzo hadi mwisho. Mtu akitazama ramani anadhani ni kama Mombasa kwenda Malindi, bahari iko kulia kwako tu mpaka unafika. Huku sivyo. Kati ya Oranjemund na Lüderitz, miji miwili ya pwani ya Namibia, kuna eneo la almasi ambalo Wajerumani, waliokuwa wakoloni wa Namibia, walilifunga mwaka 1908, na mpaka leo huingii bila kibali. Kutoka Lüderitz hadi Walvis Bay ni jangwa la Namib, matuta ya mchanga yanateremka mpaka majini. Kwa hiyo barabara inagusa bahari, inaiacha kwa mamia ya kilomita, halafu inairudia.

Ndiyo maana nawashauri wanaopanga: msihesabu kilomita, hesabuni sehemu mnazoigusa bahari, na kila moja mlale hapo. Kwangu mimi ni Paternoster na Port Nolloth upande wa Afrika Kusini, kisha Lüderitz, Swakopmund na Cape Cross upande wa Namibia. Wengi wanaikamata barabara kuu ya N7 moja kwa moja hadi mpaka wa Vioolsdrif, karibu kilomita 700, kisha B1 kuelekea Windhoek na kuteremkia Swakopmund. Lami tupu, siilaumu, lakini Atlantiki utakuja kuiona mwisho kabisa wa safari. Tokeni Cape Town kwa barabara ya R27, inayopita karibu na bahari. Mkiweza mje Agosti au Septemba, wakati maua ya porini yamefunika Namaqualand na hifadhi ya West Coast pale Langebaan. Nchi kame ile inageuka rangi ya chungwa na nyeupe mpaka kwenye upeo wa macho.

Karibuni.

Binti Tanga

Asante kwa uzi huu, kaka. Mimi na mume wangu tulipita R27 hivyohivyo. Velddrif msiipite. Ukingoni mwa mto Berg kuna vibanda vya zamani ambako wanatunga mkizi kwenye kamba na kuwaanika kwa chumvi, wanawaita bokkoms. Aliyekulia kwenye ng'onda atajisikia nyumbani. Mzee mmoja alitumenyea mmoja kwa vidole, ngozi ikatoka yote kwa mkupuo, akatuambia tule na mkate na siagi. Nilinunua mtungo mzima.

Lakini bahari yao ni baridi, jamani. Mkondo wa Benguela unapandisha maji baridi kando ya pwani yote ile, hata kiangazi. Watoto waliingia mpaka magotini wakatoka wanapiga kelele. Mkondo huohuo ndio unaoleta ukungu wa asubuhi, kwa hiyo majaketi yakae juu ya begi, yasiwe chini. Jioni nilikuwa sikosi kwenda ufukweni. Sisi Tanga jua linachomoza baharini. Kule linazama baharini, kubwa na jekundu, na sikuchoka kulitazama.

Sisi hatukuvukia Vioolsdrif. Kutoka Port Nolloth tuliendelea hadi Alexander Bay, tukavuka daraja la mto Orange na kuingia Oranjemund. Mji ule ulikuwa wa kampuni ya almasi, mgeni haingii bila kibali, mpaka ulipofunguliwa mwaka 2017. Choroa wanatembea mitaani wanakula majani ya bustani za watu. Karibu na hapo, mwaka 2008, wachimba almasi walifukua mabaki ya meli ya Wareno iliyopotea mwaka 1533 ikielekea India, na ndani yake sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000. Kutoka Oranjemund kuna lami hadi Rosh Pinah na kuendelea hadi Aus. Ulizeni tu saa za mpaka huo kabla ya kuondoka, haukeshi wazi kama Vioolsdrif.

Mchaga wa Barabarani

Mimi niongelee karatasi, maana ndizo zilizotaka kunirudisha. Gari la kukodi la Afrika Kusini halivuki bila barua ya kampuni inayoruhusu liingie Namibia. Nilikuwa nayo. Pale Vioolsdrif askari akaishika, akatoka nje, akasoma namba ya gari herufi moja moja huku kidole kikifuata kibao. Namba ya mwisho haikulingana. Kampuni ilikuwa imeandika ya gari jingine. Tulikaa kwenye jua pale mpaka walipotuma barua mpya kwa simu, na ofisi moja ikakubali kutuchapishia. Kwa hiyo ukipokea gari, barua mkononi, nenda mbele ya gari ukalinganishe hapohapo, kisha linganisha na namba ya chesisi.

Upande wa Namibia, Noordoewer, gari la namba za kigeni linalipia ada ya barabara. Risiti itunze mpaka utoke nchini, unaweza kuulizwa mbele ya safari. Mwenye watoto abebe vyeti vyao kamili vya kuzaliwa. Na pasipoti hakikisha imegongwa pande zote mbili, kutoka na kuingia.

Mwana Malindi

Kuongezea hapo: sisi Wakenya tangu Januari 2023 tunaingia Afrika Kusini bila viza, siku 90 kwa mwaka. Kadi ya homa ya manjano msiiache nyumbani.

Mimi safari yangu yote ilikuwa Cape Cross. Nimekulia Malindi, nguzo ya Vasco da Gama nimeipita tangu nikiwa mtoto wa shule, na nilisoma kwamba Wareno walikuwa wakisimamisha misalaba ya mawe kila walikofika. Wa Cape Cross uliwekwa na Diogo Cão mwaka 1486, miaka 12 kabla Vasco da Gama hajafika kwetu. Bartolomeu Dias akaja kuweka mwingine karibu na Lüderitz mwaka 1488. Ukiiweka kwenye ramani unawaona wanavyosogea kidogo kidogo kando ya Afrika, mpaka wakafika kwa babu zetu. Unaouona Cape Cross leo ni nakala. Wa asili Wajerumani waliung'oa mwaka 1893 wakaupeleka kwao, na mwaka 2019 makumbusho ya Berlin ikatangaza kuurudisha Namibia.

Nilisimama pale muda mrefu. Sili wako maelfu, wanabweka, harufu yao inakupokea kabla hujafungua mlango. Beba leso. Lakini nenda.

Mngoni

Ndugu zangu, mkifika Lüderitz kila mtu atawapeleka Kolmanskop, na muende kweli. Ni mji uliozaliwa baada ya Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, kuokota almasi mwaka 1908, na ukahamwa kabisa miaka ya hamsini. Mchanga umeingia madirishani na kujaa vyumbani. Kibali kinapatikana hukohuko, na muende asubuhi kabla upepo haujaamka.

Ila ombi langu ni moja: kabla ya Kolmanskop, nendeni Shark Island, palepale mjini. Kati ya 1905 na 1907 Wajerumani waliwafungia wenyeji, Waherero na Wanama, kwenye ule mwamba unaopigwa na upepo wa bahari. Wengi sana walikufa pale kwa baridi, njaa na kazi ngumu, na waliobaki na nguvu walipelekwa kujenga reli ya kwenda Aus. Kiongozi wa Wanama, Cornelius Fredericks, alifia hapo mwaka 1907. Mimi ni mtu wa Songea. Miaka hiyohiyo, 1905 hadi 1907, serikali hiyohiyo ilikuwa inatuua sisi kwenye Maji Maji, na kila Februari tunawakumbuka walionyongwa. Leo Shark Island ni kambi ya watalii ya kupiga hema. Sikuweza kulala pale. Nililala mjini, nikarudi asubuhi kusoma majina.

Zainabu wa Moroni Road

Pesa: randi inapokelewa Namibia kote, thamani sawa na dola ya Namibia. Ukirudi Cape Town dola yao haipokelewi madukani, kwa hiyo itumie yote kabla ya mpaka.

Papa Katanga

Mimi ni wa Lubumbashi. Sisi tunaijua Walvis Bay kwa kazi, shaba yetu inashuka kule na magari tunayachukua bandarini. Mara nyingine napumzika, napanda barabara ya B2 mpaka Swakopmund: mkono mmoja bahari, mkono mwingine milima ya mchanga. Asubuhi nenda kwanza kwenye lagouni ya Walvis Bay, utaona flamingo wengi sana.

Mkishapita Henties Bay kwenda Cape Cross angalieni barabara ya chumvi, yaani udongo ulioshindiliwa kwa maji ya chumvi badala ya lami. Ikiwa kavu ni ngumu kama lami. Ukungu ukishuka inateleza vibaya. Usikanyage breki kwa nguvu pale, punguza gia. Na mafuta jaza Swakopmund.

Mama wa Wawili

Wapendwa, tunaenda Aprili na watoto wadogo. Gari dogo linafika? Au lazima fobaifo?

Mwanzisha uzi

Karibu sana, dada. Mkibaki kwenye lami, yaani N7, B1, kuteremka B4 kwenda Lüderitz na kurudi, kisha B2 kwenda Swakopmund, gari dogo linatosha. Mkitaka kukata katikati kutoka Aus kupitia Helmeringhausen, Sesriem na Solitaire, hiyo ni changarawe muda wote. Chukueni gari lililoinuka, na matairi mawili ya akiba mkiweza. Punguzeni upepo wa matairi kidogo na msizidi kilomita 80 kwa saa. Solitaire hadi Walvis Bay kwa C14 ni zaidi ya kilomita 200 bila kituo cha mafuta, mnapita korongo la Kuiseb, kwa hiyo tangi lijae na maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani mnahitaji.

Jingine la bima, kwa kuwa watu hulisahau: ulizeni kama inafidia kioo na rangi iliyokwanguliwa na mchanga. Bima nyingi za kawaida hazifidii, na kipande cha mwisho cha kuingia Lüderitz upepo wa mchana unavusha mchanga barabarani. Mkiukuta unavuma, subirini Aus mpaka asubuhi. Mtoke mapema, mtaona na farasi wa jangwani pale Garub wakija kunywa maji.

Watoto wana umri gani? Nikijua nitakuambia pa kulala.