Tupeane uzoefu: amri ya mahakama ya kumzuia mume asikusogelee, ilikusaidia kweli?

BintiBamburi
Jana saluni dada mmoja alikuwa anasukwa, kichwa kimeinama, na shingoni ana alama za vidole. Msusi alimuuliza, "Hukwenda kuchukua ile karatasi ya korti?" Akajibu, "Karatasi itazuia ngumi?" Sote tukanyamaza. Mimi niliichukua 2019 hapa Mombasa. Yangu ilimtoa nyumbani, akahamia kwa kakake, na hajanigusa tena. Lakini najua wako ambao haikuwa hivyo. Waliopitia naomba mseme, nataka nimpelekee majibu.

Mwanaisha_K
Kile kimya cha saluni nakijua. Nafuatilia.

MzeeKobe
Ndoa haijengwi kwa mihuri. Kuna wazee, kuna wazazi, kuna imamu na padri. Mkishapelekana kortini hamna tena ndoa hapo.

Mwanaisha_K
Baba, kwetu wazee walikaa vikao vitatu. Kila kikao mume wangu alipewa maji, akaomba radhi, na kila kikao nilirudi nikapigwa kwa kuwa nimemwaibisha mbele ya wazee. Hiyo ndoa unayoililia ilikuwa wapi?

MzeeKobe
Sijasema upigwe. Nimesema kuna njia.

KaraniMstaafu
Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, naomba niseme ninachokijua. Kwa Kenya sheria ni ya 2015, ya kuwalinda watu dhidi ya unyanyasaji wa nyumbani. Huhitaji kuomba talaka ndipo upewe amri ya ulinzi. Hakimu akiona hatari ni ya sasa hivi anatoa amri ya muda bila kumngoja mume afike, kisha mume anapelekewa na kupewa tarehe ya kujitetea. Amri inaweza kumtoa yeye nyumbani wewe ukabaki na watoto, hata kama nyumba ni ya jina lake. Akiivunja ni kosa la jinai: hadi miezi 12 jela, au faini isiyozidi shilingi 100,000, au vyote viwili. Na ukiripoti polisi una haki ya kuchagua kuandikisha maelezo kwa afisa wa jinsia yako.
Wengi walikuwa wakishtuka nikiwaonyesha kwamba sheria hiyo inataja pia kunyimwa pesa za matumizi, kufuatwafuatwa, na hata kuingiliwa na wakwe. Mama mmoja aliniambia, "Hapo kwa wakwe nirudie polepole, baba."

MamaPacha
Nilikuwa nasoma tu, lakini hiyo "karatasi itazuia ngumi" imenirudisha Mtwapa, Ramadhani ya 2021.

Mume wangu alipelekewa amri Alhamisi, kazini, mbele ya wenzake. Jumamosi jioni niko na pacha wangu, nageuza viazi vya karai, nikasikia sauti mlangoni. Sauti ya upole. "Mama Pacha, nifungulie nichukue shati zangu." Miaka saba sikuwahi kuitwa hivyo kwa upole, na ule upole ndio ulionitoa jasho. Kulwa akainuka kwenda kufungua, maana ni baba yake. Nikamkamata, nikamziba mdomo kwa mkono wenye mafuta.

Alipoona kimya akachukua mchi. Mchi wa kinu changu mwenyewe, niliuacha uani. Akaanza kuupiga mlango nao. Komeo lilikuwa linapinda kila pigo, naliona kwa macho. Nikapiga simu kituoni, nikaambiwa, "Ni mumeo? Basi ongeeni, mama." Nikawasha tochi ya simu, nikatoa ile amri kwenye karatasi ya nailoni nilimoitunza, nikawasomea namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe. Wino wa muhuri ulikuwa umeanza kuvuja kwa mafuta ya vidole vyangu. Upande wa pili pakawa kimya, halafu sauti nyingine ikauliza, "Mko nyumba gani?"

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita. Tulishakubaliana na majirani kwamba wakisikia kishindo kwangu wapige masufuria. Wakapiga wote. Hadi bibi wa chumba cha mwisho, ambaye miguu haimbebi, alikuwa anagonga sinia kwa kijiko akiwa kitandani.

Polisi walifika baada ya kama dakika arobaini. Walimkuta ameketi kibarazani, mchi katikati ya miguu. "Nimekuja kwangu," akawaambia. Yule afisa akaisoma amri kwa tochi mstari kwa mstari, hakuruka neno, kisha akamjibu, "Hapa si kwako mpaka mahakama iseme."

Mwanaisha_K
Ya Rabi. Pole sana mwenzangu.

Chuma_Kwale
Alifungwa?

TabataDada
Watoto wako salama sasa? Mimi niko Dar. Sisi Bara hatuna sheria maalum kama ya wenzetu. Kumpiga mwenzi kumekatazwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, na mahakama inaweza kumwamuru asikusumbue, ila mimi niliipata tayari nina kesi ya talaka, na kabla ya hapo nilipitishwa baraza la usuluhishi. Miezi ile yote nililala kwa dada yangu. Aliyenishika mkono ni askari wa kike wa dawati la jinsia. Alinipa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nikatibiwa, akawa ananipigia kila Ijumaa kuuliza nimeamkaje.

Mswahili_Leicester
Huku Uingereza polisi wenyewe wanatoa ilani ya kumtoa mtu nyumbani usiku huohuo, hata kama mke hakubali. Ndani ya saa 48 wanaipeleka mahakamani, na hakimu anaweza kuweka amri ya siku 14 hadi 28. Dada yangu aliipata. Siku 28 zile alipanga, akafungua akaunti yake, akahama. Ya 29 mume alirudi akakuta funguo mezani.

Chuma_Kwale
Na sisi wanaume tunaopigwa?

KaraniMstaafu
Sheria haikuandika mke wala mume. Nimepokea maombi ya wanaume. Nenda ndugu yangu, usione haya.

Nyota_Kitale
Mimi nasema msitegemee amri peke yake. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa na aliyekuwa mpenzi wake, hapa hapa Trans Nzoia. Ukishapata karatasi, hama. Usilale pale anapopajua.

BintiBamburi
Ahame aende wapi na watoto wanasoma? Amri ndiyo inayomtoa *yeye*. Badilisha kitasa, peleka nakala kituoni na shuleni.

Nyota_Kitale
Kitasa hakizuii petroli, dada.

Pwani_Moja
Fuga mbwa. Nasema kweli, wa kwangu alikuwa anaogopa mbwa kuliko hakimu.

MzeeKobe
Nimeisoma ya Mama Pacha mara mbili. Binti yangu ameolewa Malindi na mwezi huu hajapokea simu zangu. Mwanaisha, nisamehe. Karani, je, mzazi anaweza kuomba kwa niaba yake?

KaraniMstaafu
Anaweza, mzee wangu. Lakini kwanza nenda ukamwone kwa macho yako. Leo.

MamaPacha
Chuma, alitozwa faini, akailipa siku ileile, na nililia sana nilipomwona anatoka. Lakini mlangoni kwangu hakurudi. Watoto wako darasa la nne. Binti, yule dada wa saluni umempata?

BintiBamburi
Nimempata. Amekubali Jumatatu. Abebe nini?

KaraniMstaafu
Kitambulisho, namba ya OB (kile kitabu cha matukio cha polisi), P3 (fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha) kama imeshajazwa, picha za majeraha. Na mtu wa kukaa naye benchi, maana kungoja kunachosha na wengi hurudi nyumbani kabla hawajaitwa.

MamaPacha
Jumatatu siuzi. Saa ngapi?

BintiBamburi
Saa mbili asubuhi, langoni. Nitavaa mtandio wa kijani.