Maboksi, nailoni au jembe? Matuta ya kuinua kwenye eneo lililojaa ndago

BustaniYaMama (Kibaha)
Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya nyumba nina kieneo cha mita 6 kwa 4 ambacho hakijalimwa miaka mitatu. Sasa ni majani matupu, mengi yakiwa ndago. Nataka matuta matatu ya kuinua, kila moja upana mita 1, urefu mita 3 na kimo sentimita 30, nipande mchicha, chainizi na nyanya mvua za vuli zikianza. Jirani anasema nitandaze maboksi juu ya majani, nimwage udongo, basi. Shemeji anasema nifunike na nailoni. Mzee anayenisaidia kulima anasema bila jembe najidanganya. Maboksi nayapata bure dukani, nailoni ni ya kununua, na kibarua naye ana bei yake. Aliyejaribu zaidi ya njia moja anisaidie, sitaki kurudia kazi.

Mwanamorogoro
Dada, kabla ya boksi au jembe, angalia ni gugu gani. Mimi nilitandaza maboksi sehemu mbili siku moja. Ya kwanza ilikuwa na kishona nguo na mchicha pori, majani yanayoota kwa mbegu tu. Nilibandua selotepu zote, nikapishanisha maboksi kama sentimita 20, nikayalowesha mpaka yakalegea, ndipo nikamwaga udongo. Mpaka leo kule napalilia kwa vidole.

Sehemu ya pili ilikuwa na ndago. Wiki ya tatu zilishatoboa boksi na kutokeza katikati ya chainizi, zimenona kuliko mwanzo kwa sababu nilizilisha samadi. Ncha ya ndago ni kama sindano, na chini ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama tasbihi. Ukivuta jani, kiazi kinabaki na kesho kinachipua. Kwa hiyo kwako wewe, boksi peke yake hapana.

MamaSukuma (Nakuru)
Naunga mkono. Huku kwetu shida ni sangari, na hiyo nayo haitaki haraka. Usiikate kwa jembe la kawaida, maana kila kipande cha mzizi kinakuwa mmea mpya. Tumia jembe uma, inua bonge zima la udongo, likung'ute, kisha uvute mzizi mrefu ukiwa mzima. Nilichimba kina cha sentimita 30 hivi, mizizi nikaianika juu ya mabati hadi ikakauka ikawa inavunjika kama vijiti. Usiitupe kwenye mboji ikiwa mbichi, utaipanda upya.

Kazi ni ngumu, siwezi kukudanganya. Tuta moja la mita 3 lilinichukua siku mbili. Lakini udongo ulilainika sana, hata karoti zilinyooka.

Kijani_Tanga
Kuhusu nailoni, watu wanachanganya mambo mawili. Ya kuchoma udongo kwa jua ni nailoni angavu, sio nyeusi. Unasafisha majani, unasawazisha, unamwagilia mpaka udongo ulowe, unatandika nailoni ikigusa udongo, kisha unafukia kingo pande zote joto lisitoke. Wiki 4 hadi 6 za jua kali. Inaua vizuri mbegu zilizo karibu na juu, lakini viazi vya ndago vilivyo chini haivifikii vyote. Turubai jeusi kazi yake ni kunyima mwanga, na hilo linataka miezi. Kama una haraka ya vuli, zote mbili zitakuchelewesha.

BustaniYaMama (Kibaha)
Asanteni sana. Na dawa ya kuua magugu je? Duka la pembejeo wamenishauri nipige mara moja tu.

Mwanamorogoro
Zile zinazoingia kwa majani hushuka hadi kwenye kiazi kilichoshikana na jani bichi. Viazi vilivyolala bila jani havipati kitu, navyo huamka baadaye. Kwa hiyo "mara moja tu" kwa ndago si kweli. Na hapo ni nyuma ya nyumba, watoto na kuku wanapita. Mimi nisingepiga.

Mgogo_Halisi (Dodoma)
Mimi nauliza jambo lingine: kwa nini uinue sentimita 30? Tuta la kuinua ni dawa ya sehemu inayotuamisha maji. Huku Dodoma mboga za kiangazi tunapanda kwenye matuta yaliyozama, ili maji yabaki kwa mmea. Udongo wako ni wa mfinyanzi au mchanga?

BustaniYaMama (Kibaha)
Mchanga, mkuu. Maji yanazama hapo hapo.

Mgogo_Halisi (Dodoma)
Basi punguza. Piga hesabu: mita 1 kwa 3 kwa sentimita 30 ni lita 900, yaani ndoo 45 za lita 20 kwa tuta moja. Matuta matatu ni ndoo 135 za udongo na samadi, halafu jua linalikausha tuta kuanzia pembeni. Sentimita 15 zinatosha, ndoo kama 23 kila tuta, na juu uweke matandazo ya majani makavu.

MamaSukuma (Nakuru)
Kwa mchanga hapo nakubaliana naye. Ila samadi iwe imeoza kabisa. Samadi mbichi ya ng'ombe wa kuchunga imejaa mbegu za nyasi, utakuwa umenunua magugu mapya. Na kingo usiweke mabanzi, mchwa watayamaliza. Tafuta matofali.

Mwanamorogoro
Ndago inachukia kivuli. Baada ya kuchimba, tuta lililo baya zaidi lipande matembele kwanza. Yakitandaa yanaifunika, nawe unaendelea kula mboga.

BustaniYaMama (Kibaha)
Nimeelewa. Leo ni mwanzo wa Agosti na jua lipo, kwa hiyo Jumamosi tunaanza kuchimba kwa jembe uma, viazi tunaviokota na kuvianika. Kisha nitamwagilia, nisubiri wiki mbili vilivyobaki vichipue, tuchimbe tena. Matuta yatakuwa ya sentimita 15 na kingo za matofali. La karibu na ukuta, ambako ndago ni nyingi kupita kote, litakuwa la matembele. Maboksi nitayatandaza kwenye njia za katikati na kuweka maranda juu, ndago ikitoboa pale nitaiona mapema. Mwenye mbegu nzuri ya matembele maeneo ya Kibaha au Mlandizi anipe taarifa hapa hapa.