Tupeane uzoefu: Vikundi vya wamama vya kujitolea Mpwapwa, Kongwa hadi Dodoma mjini, nani anavikumbuka?

Mwana wa Ving'hawe
Wakuu, mbukwenyi. Jumamosi nilikuwa msibani nyumbani Mpwapwa. Wapishi wamekodiwa, wamevaa aproni, chakula kimekuja na gari. Ndugu wa marehemu tumekaa kwenye viti tunachezea simu. Nikawakumbuka wale wamama wa zamani. Msiba ukitokea saa tisa usiku, kabla jua halijachomoza wameshafika, kila mmoja na kuni kichwani na kibaba cha unga kwenye khanga. Masufuria yao makubwa yalikuwa na alama ya rangi nyekundu chini ya mkono, ole wako uyarudishe na ukoko.

Kile kikundi kilianzaje, kiliishia wapi? Wanaojua watiririke.

Ngumbaro
Umenikumbusha mbali. Hicho kilitokana na UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania. UWT yenyewe ni ya 1962, mwenyekiti wa kwanza Bibi Titi Mohamed, lakini huku kwetu wamama waliamka hasa kwenye vijiji vya ujamaa na kampeni ya Mtu ni Afya, 1973. Mnakusanyika kwenye redio moja, mnasikiliza kipindi, mnajadili, halafu mnakwenda kuchimba choo. Mama yangu alijifunza kusoma darasa la ngumbaro akiwa na watoto wanne, mwaka uliofuata yeye ndiye katibu wa kikundi, anaandika mahudhurio kwa penseli. Walichimba vyoo vya wajane na wazee wasio na watu. Hakuna aliyewalipa hata senti.

Bi Mkwaju
Mwanangu Ngumbaro, taratibu. Mimi nimezaliwa kabla ya uhuru, hapo Mpwapwa. Wamama wa kanisani walikuwa wakitembelea wagonjwa na kulea yatima zamani sana, misheni ya CMS, wale wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, imefika pale miaka ya 1870. UWT ilikuta wamama wameshajipanga, ikawapa kadi.

Ngumbaro
Shikamoo mama. Kanisani walisaidiana wenyewe kwa wenyewe. Cha mji mzima ni kingine.

Bi Mkwaju
Marahaba. Nani kakudanganya? Mama wa Kiislamu wa kule Majengo alipofiwa na mumewe, waliomtwangia uwele siku zote za matanga ni wa kanisani. Na sisi tukifiwa walikuja wao na birika zao za chai ya tangawizi. Usiniletee kadi.

Kibajaji Dom
Mnavisifu sana. Mengine yalikuwa lazima. Bibi yangu alisema mjumbe wa nyumba kumi anapita na daftari, usipotoka kwenda kuchota maji ya ujenzi wa zahanati jina lako linasomwa mkutanoni. Hiyo nayo ni kujitolea?

Chilewa
Kibajaji kasema kweli nusu. Jina lilisomwa, lakini kasome na majina ya waliokwenda hata pale walipokuwa wagonjwa.

Dada wa Kibaigwa
😂😂 Bibi yako alikuwa mvivu tu mkuu.

Kibajaji Dom
Muache bibi yangu.

Mtoto wa Reli
Nimesoma nikashindwa kulala. Naandika kwa simu, mnivumilie.

Mama alikuwa kwenye kikundi hapa Dodoma mjini, wengi wake za wafanyakazi wa reli na majirani zao. Kazi zao zilikuwa hizo hizo, misiba, wazazi waliojifungua, chekechea chini ya mti. Tarehe 24 Juni 2002, Jumatatu, treni ya abiria ilishindwa mlima kati ya Msagali na Igandu, ikarudi nyuma yenyewe mpaka ikaivaa treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Mimi nilikuwa sekondari. Sisi wa nyumba za reli tulizipata habari mapema, maana kina baba waliitwa wote na hakuna aliyerudi kula mchana.

Wamama hawakuitwa na mtu. Walikwenda na masufuria. Kwanza walipika uji kwa ajili ya majeruhi na wauguzi. Kufika kesho yake wakaanza kuingia ndugu, kutoka Dar, Morogoro, Tabora, Kigoma, Mwanza, watu hawajala, hawajui waanzie wapi. Chakula kikawa kazi ndogo. Kazi kubwa ikawa kuwasindikiza pale miili ilipopangwa kutambuliwa.

Walijiwekea utaratibu ambao sijui nani aliutunga. Ndugu mmoja, wamama wawili, mmoja kila upande wanamshika kiwiko. Kitambaa cha puani kimewekwa mafuta ya mkaratusi. Na walikubaliana hawamuulizi mtu "unamtafuta nani?" Wanauliza, "alivaa nini?" Mama alisema ukimuuliza mtu nani, anaanguka hapo hapo. Ukimuuliza nguo, anafikiri.

Alikuja mzee mmoja wa Kigoma anamtafuta mkewe. Rangi ya khanga haikumbuki, kawaida ya wanaume. Lakini jina la khanga alilijua, kwa sababu aliinunua yeye: Wema Hauozi. Wamama wakaambiana, na mama yangu alikuwa ameiona asubuhi, safu ya mbali, karibu na ukuta. Yeye ndiye aliyempeleka. Aliporudi nyumbani alinawa mikono akapika kama kawaida. Kwenye sanduku lake alikuwa na khanga ya jina hilo hilo, akaitoa akampa jirani.

Wale ambao hawakutambuliwa walizikwa Maili Mbili, hapa hapa Dodoma. Wamama walikwenda mazikoni pia, na baadaye kwa miaka kadhaa walikuwa wanakwenda kufyeka nyasi. Mama ni marehemu sasa.

Mwana wa Ving'hawe
Pole sana mkuu. Sina neno.

Dada wa Kibaigwa
Nimelia kwenye daladala, konda ananiuliza nashuka wapi.

Mzee wa Mnadani
Nilikuwepo mjini mwaka ule. Majeruhi walifuatwa na kila aina ya gari. Ila kijana, nikusahihishe kidogo, walijitolea na wanaume pia. Sisi tulibeba machela.

Bi Mkwaju
Mlibeba, ndiyo. Mmepigwa picha na kwenye gazeti mlitoka. Nani alipiga picha sufuria?

Mzee wa Mnadani
Mama, sijagombana na wewe.

Chilewa
Mimi ni wa Gulwe. Mafuriko ya mwisho wa 2009 kuingia 2010, yale yaliyoikata reli kuanzia Kilosa, wamama wa kwetu waligawana watoto. Nyumba iliyosimama inachukua wa nyumba iliyobomoka. Mimi nililala kwa mama mmoja mkali kupindukia, mlenda asubuhi mlenda jioni, mpaka leo namwita mama.

Mke wa Mwalimu
Naomba ushauri, maana mmenitia moyo. Niko Kongwa. Tuko wamama kadhaa tunataka kurudisha kikundi kama hicho, kusaidia wazazi wapya na wazee. Tuanzie wapi?

Dada wa Kibaigwa
Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, andikeni katiba, fungueni akaunti, muombe ile mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Haina riba.

Ngumbaro
Usimpoteze mwenzio. Mkopo unarudishwa, na kumpikia mzazi uji hakuzai faida. Watarudisha kwa hela ipi? Nimeona kikundi kizuri kabisa kikivunjika hivyo. Waliingia kufuga kuku, kuku wakafa kwa kideri, wamama wakaanza kukwepana sokoni.

Dada wa Kibaigwa
Si wangechanja?

Ngumbaro
Haya, wewe daktari wa mifugo.

Bi Mkwaju
Mke wa Mwalimu, mwanangu, anzeni na daftari na sufuria mbili. Sufuria zikodisheni kwenye harusi, kwenye msiba ni bure. Hela ya harusi ndiyo inanunua unga wa msiba. Sisi tulifanya hivyo miaka mingi. Na mtunza sufuria asiwe mtunza hela.

Kibajaji Dom
Na mtunza hela asiwe na shemeji mwenye duka 😂

Bi Mkwaju
Huyo sasa kaongea.

Mwana wa Ving'hawe
Mama, kwa hiyo wewe ulikuwemo? Kile kikundi cha alama nyekundu kiliishia wapi?

Bi Mkwaju
Nilikuwa mtunza sufuria. Hakikufa siku moja. Wengine walifuata watoto wao Dodoma na Dar, wengine wakaingia VIKOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, ambako angalau mwisho wa mwaka unagawana kitu, na siwalaumu. Kuna mwenyekiti mmoja, simtaji, alichukua masufuria matatu kwa harusi ya mwanawe hayajarudi. Mawili ninayo mimi hapa, moja limetoboka.

Mke wa Mwalimu
Mama, hilo zima unaweza kutukodisha?

Bi Mkwaju
Kwa harusi au kwa msiba?

Mke wa Mwalimu
Mzazi. Kajifungua mapacha juzi, mume yuko machimboni.

Bi Mkwaju
Njoo ulichukue. Uje na mtu wa kukusaidia kubeba, na lirudi bila ukoko.

Kibajaji Dom
Mimi nina bajaji, niko Mpwapwa wiki hii. Nalifikisha stendi, mafuta juu yenu.

Dada wa Kibaigwa
Mafuta juu yenu?? Kumbe uvivu ni wa ukoo.