Mrejesho: mwanangu wa miaka 7 aliyekataa kuandika

Habari zenu, wazazi wenzangu. Mwezi uliopita niliwauliza mtoto wa miaka 7 ninayemfundisha nyumbani hapa Kisumu aandike kiasi gani kwa siku, maana ukurasa mmoja ulikuwa unaishia kwa machozi. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa yule mama wa Nakuru: mtoto asimulie, mimi niandike, kisha anakili sentensi moja tu, dakika 10 basi. Jamani, kumbe ana maneno! Juzi tulipotoka Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, alinisimulia wavuvi wanavyovua omena usiku kwa taa, hadi mkono wangu ukachoka. Sasa ananakili sentensi mbili bila kulia. Shajara ya kila siku ilitushinda, tumeiacha. Na herufi b na d bado anazichanganya.