Ringi ya nyuma, baiskeli ya Phoenix inchi 28

Wakuu, nipo Ifakara. Nilibeba gunia la mpunga, spoku nne za nyuma zikakatika, zote upande wa cheni. Duka moja wakaniuzia ringi ya matundu 36 ya spoku, kumbe habu yangu (kile kitovu cha gurudumu) ina 40. Kurudisha wamegoma. Nifanyeje?

— Pole mkuu. Hizi za kizamani nyingi mbele 32, nyuma 40. Siku nyingine nenda na gurudumu lenyewe.

— Ringi ya zamani imepasuka? Kama bado, mpya ya nini? Weka spoku, fundi anyooshe. Afungue na habu, atie grisi.

— Asanteni. Fundi wa chini ya mwembe kashikilia chaki kwenye foko (uma unaoshika gurudumu), ringi inapoyumba inajichora yenyewe, anakaza hapo. Gololi mbili za ndani ya habu zilikuwa zimelika kabisa. Ile ya 36 nani anaitaka?