Wauza vifaa vya video Arusha mnatuumiza: diski chakavu ya laptop ndani ya kikasha cha "SSD"

Wakuu, naomba mods wasiuunganishe uzi huu na zile za "nipate wapi kamera". Huu ni wizi, na unatuhusu wote tunaokula kwa kazi ya video huku Kaskazini.

Mimi niko Moshi. Napiga kipaimara, send-off, misiba, na msimu ukikubali napanda na wageni mlimani. Kamkoda yangu si ya juzi, lakini lenzi yake naipenda na bado inalipa. Shida yake ni moja: kwenye kadi ya SD inaibana picha sana kwa mfumo wa AVCHD, megabiti 28 kwa sekunde mwisho. Ukivuta waya wa HDMI mpaka kwenye rekoda ya nje, unaichukua picha kabla kamera haijaibana na kuiandika kwa ProRes, mfumo unaobana kidogo tu, moja kwa moja kwenye diski. Kwa HD ya fremu 25 ni kama megabiti 122 kwa sekunde, gigabaiti 55 hivi kwa saa. Ukikaa kusahihisha rangi, anga nyuma ya kilele cha Mawenzi haitoki mistari mistari. Na ukimaliza kazi unachomoa diski, unaichomeka kwenye kompyuta, unaanza kuhariri. Sisi tuliotoka kwenye MiniDV, ambako kanda ya saa nzima ilihamishwa kwa saa nzima, tunajua huo ni ukombozi kiasi gani.

Sasa rekoda hizi zinatumia vikasha vya plastiki: diski inakaa ndani, inafungwa skrubu, unachomeka mgongoni. Inayotakiwa ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Nilikwenda duka moja Arusha mjini, silitaji, nikamwambia muuzaji kwa mdomo wangu: nataka SSD ya TB 1 ikiwa tayari kwenye kikasha, naipeleka Kilimanjaro. Akanijibu, "Hii hapa kaka, peleka hata Uhuru Peak." Kikasha kimefungwa, stika ya SSD juu yake. Nikalipa laki tatu na nusu. Risiti akaandika kwa kalamu ya bluu, "SSD 1TB", na mhuri wa duka juu.

Tukapanda njia ya Marangu na kundi la Watanzania waliotaka kuwa kileleni siku ya Uhuru. Getini safi, kambi ya kwanza, Mandara, safi. Kambi ya pili, Horombo, rekoda ikaanza kuruka fremu. Tulipotoka kwenda Zebra Rocks kuzoea hewa, ikasimama kabisa katikati ya kurekodi, na nikiweka sikio nasikia tik, tik, tik. SSD haina kitu cha kugonga ndani! Hapo moyo ukanidunda.

Kabla hamjauliza: ndiyo, kadi ilikuwa inarekodi sambamba, kwa hiyo safari ipo. Lakini mteja alilipia ubora ule mwingine na ndio ulioandikwa kwenye mkataba. Nimemrudishia sehemu ya pesa yake kutoka mfukoni mwangu.

Niliposhuka nikaenda kwa fundi hapa Moshi. Akatoa skrubu nne kwa bisibisi, akafunua. Wakuu, ndani kuna diski ya kuzunguka ya laptop! Mizunguko 5400 kwa dakika, lebo imeandikwa 2012, na pembeni ina mabaki ya gundi mahali ilipobanduliwa stika nyingine. Pale pale kwenye chuma kuna kitundu kidogo chenye onyo la kiwandani kwamba kisizibwe.

Hicho kitundu ndicho kesi yenyewe. Kwenye diski ya kuzunguka, kichwa kinachosoma na kuandika hakigusi sahani inayozunguka yenye data, kinaelea juu yake kwa mto wa hewa mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Hewa inapita kwenye kitundu hicho. Ukipanda, hewa inapungua, mto unakosa nguvu, kichwa kinashuka mpaka kinakwaruza sahani. Ndiyo maana watengenezaji wanaandika kwenye karatasi zao kuwa mwisho wa kuitumia ni kama mita 3,048, yaani futi 10,000. Mandara ni mita 2,720, ikapona. Horombo ni 3,720. Imekufa pale pale ilipotakiwa kufa, na ilipokufa imekwaruza mpaka faili za Mandara. SSD haina kichwa wala sahani, mtu anapanda nayo Kibo bila wasiwasi, cha kuangalia ni baridi na betri tu.

Na wale wa mjini msidhani haliwahusu. Anayerekodi 4K ya fremu 25 kwa ProRes HQ, toleo zito la ProRes, anahitaji kama megabaiti 92 kila sekunde bila kukatika. Diski ya kuzunguka inaanza vizuri ikiwa tupu, halafu kadiri inavyojaa inaandikia sehemu za ndani za sahani na kasi inashuka karibu nusu. Yaani itakuangusha usiku wa harusi, wakati wa keki, rekoda ikiwa mita mbili kutoka kwenye spika za MC zinazoitikisa meza nzima. Utalaumu waya, utalaumu kamera, kumbe umeuziwa takataka.

Nilirudi dukani na kikasha, diski na risiti. Muuzaji akaitazama, akasema, "Umeiangusha huko mlimani." Nikamwonyesha neno SSD kwa mwandiko wake mwenyewe. Akanyoosha kidole ukutani kwenye karatasi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kijana wake anacheka pembeni! Mtu umemwambia unakoipeleka, amekuhakikishia, amekuandikia, halafu anakucheka.

Karatasi ya ukutani haifuti sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili ya mambo haya. Malalamiko yangu nimeshayaandika, yanakwenda na nakala ya risiti na picha alizopiga fundi wakati anafungua. Sitaki yaishie kwenye "pole mkuu".

Ninachoomba kwenu: kama umenunua kikasha kilichofungwa tayari Arusha au Moshi, kifungue kabla ya kazi yako inayofuata. Kama dukani hawakukuruhusu kukifungua mbele yao, hiyo pekee inatosha kuwatilia shaka. Ukikuta sahani ndani, piga picha ya lebo na risiti, ziba jina la mtu, weka hapa. Tukiwa wengi, jalada linakuwa moja.